Mara Tatu Nilimwangusha Mama Mtihani wa Kumjua Mungu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na nyinyi mlioketi mbele, asifiwe pia na nyinyi wa pale mlangoni mnaopanga kutoka kabla ya matangazo. Nimewaona! Ketini kidogo. Leo nimekuja kusema mambo ambayo Mungu amenitendea, na mchungaji amenipa dakika ishirini, ingawa ananijua vizuri na ameshaanza kuitazama saa yake.

Mimi naitwa Kirimi. Wengi wenu hapa Kinoru mnanijua kama yule mtu wa mizani. Kazi yangu ni kuzunguka masokoni na sanduku la mawe ya shaba, nikipima mizani za wafanyabiashara. Iliyo sawa naipiga muhuri, yenye uongo naifunga. Akina mama wa viazi wakiniona kwa mbali, wanaondoa kidole kwenye sahani kabla sijafika. Miaka mingi nimefanya kazi hiyo, na kazi humpa mtu tabia. Ukiniambia gunia ni zito, nitakuuliza umepima na nini. Ukiniambia unanipenda, nitakuuliza unajuaje. Kendi, mke wangu, yuko hapa na anaweza kuwaambia jinsi uchumba wetu ulivyokuwa na taabu.

Lakini kwetu hasa ni upande wa Mikinduri, na ushuhuda huu umeanzia huko, kwa mama yangu mzazi. Ndiye yule pale mbele mwenye kitambaa cha kijani. Mama, watu wanakusalimu. Hatawajibu, ndugu zangu, na sababu mtaisikia.

Mama hakubatizwa ujanani. Baba yangu alikuwa mkulima wa miraa na mtu wa mila, hakutaka mambo ya kanisa katika boma lake, na mama alimheshimu. Baba alipofariki, mama alimwomboleza mwaka mzima. Kisha Jumapili moja akajifunga kitambaa, akatembea kwa miguu hadi kanisani, akawaambia wazee anataka kubatizwa na kwamba jina ameshachagua. Alikuwa amepita miaka sabini. Kanisa zima lilipiga vigelegele.

Sasa, mwalimu wa darasa la ubatizo katika kanisa lile alikuwa nani? Nilikuwa mimi, ndugu zangu! Kila Jumamosi nilikuwa natoka hapa mjini nakwenda Mikinduri kufundisha. Nilikuwa nimepanga maswali thelathini kwa mkono wangu mwenyewe, na nikawapelekea wazee sheria moja wakaipitisha: mtu mzima asiyeweza kujibu kwa kinywa chake, habatizwi. Nilijivunia sheria hiyo. Niliona kanisa letu lilikuwa limebatiza watu ovyo kwa muda mrefu, na sasa limepata mkaguzi.

Ninyi mnaweza kudhani mwana atamhurumia mama yake. Hamnijui. Na wakati huo kulikuwa na jambo lingine lililonipanda kichwani. Nilikuwa nimejiandikisha masomo ya jioni ya theolojia katika chuo kidogo hapa mjini, na muhula wa pili wakatufundisha falsafa. Mwalimu wetu alisimama mbele akatuuliza, mtu ni nini? Ukikatwa mkono, wewe bado ni wewe. Ukikatwa mguu, bado ni wewe. Basi wewe si mkono wala mguu, pengine wewe ni ile akili inayouliza swali. Ndugu zangu, nilishikwa! Nilihisi kama mtu aliyeishi nyumbani kwake miaka yote, na leo ndiyo ameonyeshwa chumba cha wageni. Yule mwalimu, lazima nimtendee haki, alisema hilo ni wazo moja tu kati ya mengi, na wiki inayofuata tutaona wengine walivyolipinga. Mimi sikungoja wiki inayofuata.

Nilirudi nyumbani nikamweleza Kendi kwamba mwili ni gunia tu, na akili ndiyo mali iliyo ndani. Nikamweleza kwamba kumjua Mungu ni kazi ya akili, na kwamba kujua kitu ni kuweza kukisema waziwazi na kutoa sababu zake. Kama huwezi kusema, hujui. Kendi alinisikiliza akikata sukuma wiki. Wakati wa chakula aliniwekea sahani tupu mezani, akaniambia, "Baba Makena, akili imeshakula jioni yote. Gunia nalo lingoje."

Nilicheka, lakini sikubadilika. Niliacha kupiga makofi kanisani. Kwaya ikicheza, mimi nilisimama nimekunja mikono, nikitafakari. Niliona kulia wakati wa maombi ni udhaifu wa nyama. Hata kushikana mikono na watu baada ya ibada nilikuwa nafanya haraka haraka, kama mtu anayepiga muhuri.

Na hapa nitawaambia lililo baya zaidi. Wazee wetu wa Kimeru mnawajua. Ukitaka kuondoka nyumbani kwenda safari, unamwendea mama au baba, unamfungulia kiganja, naye anakitemea mate kidogo ya baraka. Si mate ya dharau. Ni pumzi na unyevu kidogo tu, thu, halafu wewe unajipaka kifuani, unakwenda zako ukijua umeagwa. Mama alinifanyia hivyo nikienda shule ya bweni, nikienda kutafuta kazi, siku nilipokwenda kuposa. Mimi ni nani leo bila kile kiganja? Lakini Jumamosi moja, nikiwa nimejaa falsafa yangu, alinishika mkono pale mlangoni kama siku zote, nami nikauvuta. Nilimwambia mambo hayo ni giza, tena ni magonjwa. Nikatoa leso nikajifuta mkono, ingawa hakuwa ametema chochote. Mama alibaki ametazama kiganja chake mwenyewe, kisha akasema tu, haya, nenda salama. Tangu siku hiyo, nikienda kumuaga nilikuwa nafumba mkono nautia mfukoni.

Basi mtihani ukafika. Mama aliketi katika darasa la vijana wa miaka kumi na minne, kwenye benchi ya nyuma, miguu yake imepangwa vizuri pamoja. Swali la kwanza lilikuwa, Mungu ni nani? Jibu niliwafundisha: Mungu hana mwili, haonekani, hana mwanzo wala mwisho, na kadhalika, maneno ya kutosha mstari na nusu. Vijana walilitoa lote kwa pumzi moja bila kufikiri hata kidogo, nami nikawapa alama zote. Nikafika kwa mama. Mama akajikohoza, akasema kwa Kimeru, "Ni yule aliyenivusha mto Thangatha wakati maji yamejaa, wewe ukiwa mgongoni."

Vijana wakacheka. Nilimwambia kwa upole kwamba hiyo ni hadithi, si jibu. Akasema, haya, basi ni yule aliyenishika mkono baba yenu aliponiacha peke yangu. Nikamwambia hapana, Mungu hana mkono. Alinitazama, si kwa hasira, alinitazama jinsi unavyomtazama mtoto aliyeambiwa na wenzake kwamba ng'ombe hutaga mayai. Niliweka alama ya kosa kwenye karatasi, na mama akaanguka mtihani. Baada ya miezi mitatu alirudi akaanguka tena. Mara ya tatu hakujaribu hata yale maneno yangu. Alisema, "Yule anayenijua." Nikamwambia, mama, tumeuliza kama wewe unamjua yeye. Akasema ni kitu kimoja. Nikaweka kosa la tatu.

Ndugu zangu, mtu anayesimamia mtihani wa kumjua Mungu, je, yeye mwenyewe alikuwa anamjua? Hiyo ndiyo siri niliyobeba peke yangu. Maana wakati huohuo ndani yangu palikuwa pamekauka. Nilipiga magoti na maneno yakanitoka sawasawa, lakini yalirudi kama barua isiyo na anwani. Nikajiuliza, ninajuaje kwamba ninamjua Mungu, wala si wazo langu tu kuhusu Mungu? Nikapata sababu. Nikauliza, na sababu hiyo naijuaje? Nikapata nyingine, nayo ikataka nyingine. Ilikuwa kama kazini. Mawe yangu ya shaba hupimwa kwa mawe ya ofisi kubwa, na yale hupimwa kwa mawe ya Nairobi. Niliwahi kumuuliza mkubwa wangu, na ya Nairobi hupimwa kwa nini? Akasema kuna mengine ng'ambo. Nikamuuliza, na hayo ya ng'ambo? Akaniambia, Kirimi, nenda ukapime viazi.

Lakini moyoni sikuwa na viazi vya kupima. Nilikuwa na hofu. Kwa miezi sita sikuomba ombi hata moja nililoliamini, na kila Jumamosi nilikuwa nakwenda kuwaangusha wengine.

Ndipo siku moja asubuhi jirani akanipigia simu. Mama alikuwa amekutwa ameanguka kando ya mahali anapochagulia maharagwe. Tulimleta hospitali hapa Meru. Ilikuwa kiharusi, hii tunayoita stroki. Mkono wa kulia ulikuwa umelala, mdomo umeenda upande, na sauti hakuna. Daktari, binti mpole sana, alitueleza kwamba sehemu ya ubongo inayoshughulikia maneno imeumia. Nikamuuliza kama mama anaelewa. Akasema anadhani anaelewa, lakini ni kiasi gani, hawezi kujua.

Hapo, ndugu zangu, falsafa yangu ilinirudia kunidai. Mimi ndiye niliyefundisha kwamba asiyeweza kusema hajui. Mimi ndiye niliyesema mtu ni akili na mwili ni gunia. Sasa gunia lilikuwa pale kitandani, limefunikwa blanketi la hospitali, na mali iko wapi? Mama yangu yuko wapi? Nilitembea kwenye ile korido nikijiuliza hivyo mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepotea. Nilimwambia ndiyo.

Nikafanya upumbavu ambao naona haya kuusema. Nilivuta kiti nikatoa kijitabu changu cha kazi nikaanza kumpima. Mama, mimi ni nani? Kama unanijua, finya kidole changu mara moja. Kama una maumivu, finya mara mbili. Hakufinya. Nikarudia, nikaandika. Nikarudia tena. Mama aligeuza uso akatazama ukuta. Mimi nikaandika kwamba hakuna jibu. Yule mama wa kitanda cha pili, ambaye hata simjui, alikuwa akisikiliza yote. Akaniambia, "Mwanangu, umemuuliza maswali matatu na hata pole hujamwambia."

Tulimleta nyumbani kwangu, hapa Kinoru. Kendi alimhudumia kama mama yake. Kumwogesha na kumvika ilikuwa kazi yake, maana mnajua kwetu mwana hawezi kumwogesha mama yake, ni mwiko. Kwa hivyo mimi nilibaki kusimama mlangoni, nikiuliza amekula, amelala, daktari amesema nini. Nilikuwa mkaguzi hata pale.

Kisha ikafika Alhamisi moja ambayo Kendi alikwenda mazishini kwao Embu, na mtoto wetu Makena yuko shuleni. Aliniachia uji wa wimbi kwenye chupa, akaniambia saa nane umlishe mama, tena pole pole, asije akapaliwa. Mimi sikuwa nimewahi kumlisha mtu yeyote. Hata Makena akiwa mdogo, nilikuwa nasema nina mikutano.

Nilimketisha mama pale barazani penye jua. Nikatia uji kwenye kikombe, nikachukua kijiko, nikakipeleka mdomoni mwake. Uji ukamwagika kidevuni. Nikampangusa. Nikajaribu tena. Na nilipokuwa nikipeleka kile kijiko, nikagundua kitu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeachama! Mdomo wangu ulikuwa wazi, aaa, kama wanavyofanya akina mama wote wakilisha watoto. Nani alinifundisha? Hakuna darasa nililosoma jambo hilo. Sikuwa nimelifikiri wala kutoa sababu zake. Mdomo wangu ulijua. Na ulijifunza kwa mtu mmoja tu, mtu aliyeniachamia mimi nikiwa sijui hata jina langu.

Nilibaki hivyohivyo, kijiko hewani na mdomo wazi, na mama akanitazama. Ndugu zangu, mama akacheka! Uso wake ulicheka upande mmoja tu, mabega yakatikisika, na uji ukamwagika wote kwenye kanga. Mimi pia nikacheka. Tulicheka mpaka jirani akachungulia juu ya ua.

Halafu mama akanyoosha mkono wake wa kushoto, ule uliobaki mzima, akanishika mkono wangu wa kulia. Nilikuwa nimeufumba. Hata sijui kwa nini, ulikuwa ni mazoea tu. Akaanza kuufungua kidole kimoja kimoja. Kwa mkono mmoja dhaifu, kazi hiyo ilimchukua muda mrefu, na mimi sikumsaidia wala sikumzuia. Alipofika kidole cha mwisho, aliinama juu ya kiganja changu na mdomo wake ulioenda upande, akatema baraka. Thu. Ilikuwa na uji ndani yake. Kisha akakifunga kiganja changu na kukisukuma hadi kifuani kwangu, akakishikilia pale.

Mnajua kwetu mkono wa kushoto hautoi baraka. Mimi nawaambia ulitoa! Nililia, ndugu zangu. Mimi niliyesema machozi ni udhaifu wa nyama, nililia mpaka shati likalowa. Sikupima wala kuuliza ninajuaje. Kwa mara ya kwanza katika miezi mingi niliomba, na ombi lenyewe lilikuwa neno moja la Kimeru, nibwega, yaani asante. Na palepale nilijua kwamba nimesikiwa.

Nilielewa jambo nililokuwa nikilikimbia. Nilikuwa nikiuliza kama ninamjua Mungu, na swali hilo halikuwa na mwisho. Mama alikuwa ananijibu tangu mwanzo na mimi nikamwekea alama ya kosa: yule anayenijua. Kabla sijamjua mama, mama alinijua. Alinijua kwa mgongo wake, kwa mikono yake, kwa mate yake. Kama mtu wa udongo anaweza kumjua mwanawe hivyo, hata maneno yote yamemwishia, je, Mungu aliyemuumba yeye? Na nikakumbuka kwa aibu kwamba Bwana wetu mwenyewe alitema mate chini, akafanya tope, akampaka kipofu machoni. Jambo hilo nilikuwa nimelifundisha mara nyingi. Sikuwahi kumwambia Bwana kwamba hayo ni magonjwa.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Mikinduri na kuomba kikao cha wazee. Nikawaambia nataka mama abatizwe. Mzee Baariu, ambaye ndiye mwenyekiti, mtu wa haki na wa maneno machache, akafungua faili akatoa karatasi. Akaniambia, "Mwalimu, sheria ni yako. Asiyejibu kwa kinywa chake habatizwi. Wewe ndiye uliyeandika, sisi tulipiga kura tu." Nilitazama ile karatasi, na mwandiko ulikuwa wangu, umenyooka sana.

Nilianza kutoa hoja, na hoja zangu zilikuwa ndefu. Kendi alikuwa amekuja nami, ameketi nyuma kwa heshima. Akaomba ruhusa ya kusema. Akawaambia, "Wazee wangu, Makena wetu mlimbatiza akiwa amelala fofofo. Yeye mlimuuliza swali la ngapi?"

Mzee Baariu alivua miwani yake akaifuta, akaivaa tena. Akasema lile swali nalo lingekuwa gumu hata kwa mwalimu wetu. Nikasimama nikaungama mbele yao yote niliyowaambia nyinyi leo, hata ile leso. Niliwaomba wachane karatasi yangu. Hawakuichana, wazee wa kanisa hawachani karatasi, lakini waliandika chini yake kwamba mama atabatizwa Jumapili inayofuata, na kwamba ataulizwa swali moja tu, kwa heshima ya utaratibu.

Jumapili hiyo kanisa lilijaa mpaka nje. Tulimleta mama kwa kiti cha magurudumu, amevaa hiki kitambaa cha kijani. Mchungaji alisema aulizwe na mwalimu wake. Basi nikasimama mbele ya mama yangu, nikauliza kwa Kimeru, mama, Mungu ni nani?

Mama alinitazama. Kisha akamtazama mchungaji, aliyekuwa ameshika bakuli la maji. Akampungia aje karibu. Mchungaji akainama akidhani anataka kunong'ona. Mama akamshika mkono, akaufungua, na thu! Akambariki mchungaji kabla mchungaji hajambariki yeye! Kanisa lilicheka, lililia, vigelegele vikapanda mpaka mabati yakaitika. Mchungaji alijipaka kifuani, kwenye joho lake jeupe. Akasema jibu ni sahihi. Akamwaga maji na kumwita Rebeka, jina alilokuwa amemnong'oneza Kendi tangu mwanzo, akimwonya asiniambie mimi, maana ningemuuliza kwa nini.

Na ibada haikuisha hapo. Mzee Baariu alikuwa wa kwanza. Aliweka faili lake chini, akaja mbele ameinama, kiganja kimefunguliwa. Nyuma yake vijana wa darasa langu, wale waliocheka, kisha kwaya, kisha kanisa lote. Mstari ulifika mlangoni. Katikati mama alikaukiwa mate, ikabidi aletewe chai ili aendelee. Mimi nilijipanga mstarini kama wengine, na nilipofika nilikuwa wa mwisho, na mkono wangu haukuhitaji kufunguliwa.

Ndugu zangu, mama hajapata maneno yake. Daktari anasema pengine yatarudi machache, pengine hayatarudi. Nimeacha kumuuliza finya mara moja, finya mara mbili. Asubuhi tunakunywa uji pamoja, sote wawili tumeachama, na Makena anatucheka. Mizani za sokoni bado ninazipima, kwa hivyo msiniletee mambo ya kidole. Na yale masomo ya jioni niliyarudia. Nilikwenda kuyasikiliza yale niliyoyaruka, na ni mazuri sana. Mungu haogopi maswali yetu. Mwalimu wangu alipouliza tena mtu ni nini, niliinua mkono na nikawasimulia habari ya uji, na darasa lilichelewa kutoka.

Wewe uliye hapa na ndani yako pamekauka, unayeimba kwa mdomo tu na kujiuliza kama yupo anayesikia, mimi nakujua. Nilikuwa wewe. Sikuambii uyatupe maswali yako, yabebe uje nayo. Lakini usifumbe mkono ukingoja mpaka yaishe. Yule unayemtafuta anakujua tangu hujaweza kusema. Mfungulie mkono leo, hata kama unatetemeka, hata kama huna la kusema. Yeye ni mwaminifu! Mimi ni shahidi, na shati langu pia ni shahidi.

Mchungaji, namaliza. Mama ameketi pale na amenionyesha kwa macho kwamba yuko tayari. Kendi, mpe chai kwanza, maana leo watu ni wengi. Njooni, ndugu zangu, na viganja wazi. Tuanze na nyinyi wa pale mlangoni.